Zimwi Lisilomjua Mtu

Ndugu msomaji, swali lako, nikilifupisha, ni hili: kwa nini filamu za madubwana zilizotengenezwa kwa ustadi mkubwa wa picha, kiasi kwamba huoni kamera ilipoishia na kompyuta ilipoanzia, hukuacha ukitoka ukumbini bila kukumbuka hata jina la mhusika mmoja? Umeuliza pia kama kosa ni la madoido yenyewe, yaani zile picha za kutengenezwa ambazo wengi huziita efekti, na kama ipo namna ya kuitambua mapema filamu ya aina hiyo kabla hujaipa saa mbili na nusu za maisha yako. Nimefundisha uandishi wa miswada ya filamu kwa muda mrefu, na wanafunzi huniletea swali hili kila muhula wakiwa tayari na jibu lao mkononi: kompyuta imeua hadithi. Sikubaliani nao.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hiyo hutumika zaidi kwa mambo ya ukoo na ujirani, lakini mimi huikopa darasani kwa kazi nyingine, kwa sababu neno zito ndani yake ni “likujualo”. Zimwi la hadithi nzuri linamjua mtu fulani: humjia kupitia deni lake, woga wake, hatia yake au mtoto wake, na likishamfikia humlazimisha kuamua jambo ambalo hawezi kulirudisha nyuma. Dubwana la filamu dhaifu halimjui yeyote. Hulijia jiji zima, hubomoa maghorofa ambayo hatukuwahi kuingia, huua watu ambao hatukuwahi kuwasikia wakizungumza, kisha huuawa kwa silaha iliyokuwepo tangu mwanzo. Ukilitazama kwa jicho la fundi utalisifu, na ukitafuta mtu aliyebadilika kwa sababu ya ujio wake hutampata.

Ili tusiionee kompyuta, tuanze kabla haijakuwepo. Mwaka 1933 kilitoka kisa cha King Kong, kilichoongozwa na Merian C. Cooper na Ernest B. Schoedsack, na madoido yake yakasimamiwa na Willis O'Brien. Sokwe yule aliyeonekana kushinda nyumba kwa ukubwa alikuwa, katika shoti nyingi, yaani vipande vya picha vilivyopigwa bila kukatwa, kisanamu cha urefu wa takriban sentimita 46, chenye mifupa ya metali na kilichovishwa manyoya ya sungura. Fundi alikisogeza kidogo, akakipiga picha moja, akakisogeza tena, mara 24 kwa kila sekunde moja ya filamu. Ukitazama kwa makini utaona manyoya yakitikisika ovyo kana kwamba upepo unavuma ndani ya studio; hizo ni alama za vidole vya mafundi waliokigusa kati ya picha na picha. Kwa viwango vya leo ni kazi yenye kasoro wazi. Hata hivyo, tazama dakika za mwisho, Kong akiwa juu ya jengo la Empire State na ndege zikimmiminia risasi. Anajigusa kifuani, anatazama damu kwenye vidole vyake kama mtu asiyeelewa ilikotoka, anamchukua yule mwanamke aliyemteka kwa mara ya mwisho, anamtazama, kisha anamweka chini mahali salama kabla ya kuanguka. Kisanamu cha manyoya ya sungura kimefanya uamuzi. Hilo ndilo lililowatia watu huzuni kwa ajili ya mnyama aliyekuwa amewatisha kwa karibu saa nzima, na halina uhusiano wowote na ubora wa manyoya.

Kong huyohuyo alirudishwa mwaka 2005 na Peter Jackson, safari hii kwa kompyuta na kwa uigizaji wa Andy Serkis, ambaye mienendo yake ilinaswa na kuhamishiwa kwenye mwili wa sokwe. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya madoido ya picha, na kwa haki kabisa; uso wa sokwe yule unasomeka kama uso wa mzee aliyechoka na upweke. Ila ya mwaka 1933 ina urefu wa dakika 100 hivi, nayo ya Jackson ina dakika 187. Ndani ya nyongeza hiyo kuna vipande vizuri sana, na kuna kipande kimoja cha dinosaria wakikimbia bondeni na watu wakikimbia katikati ya miguu yao, ambacho huwa nakionyesha darasani kama mfano wa ugonjwa tunaouzungumzia. Ni kirefu, kinapiga kelele, wanaanguka na kufa watu ambao hatuwezi kuwataja, na kikiisha wahusika wakuu wako na nia ileile waliyoanza nayo. Ukikikata chote, hakuna neno lolote la hadithi litakalopotea. Kwa hiyo filamu moja inaweza kuwa na dubwana linalomjua mtu na, nusu saa baadaye, madubwana yasiyomjua mtu, na mafundi wakawa walewale.

Mfano wa wazi zaidi uko Japani. Mwaka 1954 kampuni ya Toho ilitoa Gojira, ambaye dunia ilimjua baadaye kama Godzilla, chini ya uongozaji wa Ishirō Honda. Msimamizi wa madoido, Eiji Tsuburaya, alikuwa ameipenda kazi ya O'Brien na angependa kusogeza visanamu kama yeye, lakini muda haukuruhusu. Badala yake mwigizaji Haruo Nakajima alivaa vazi zito la mpira, lenye joto la kuumiza, akakanyaga mji mdogo wa mfano, huku kamera ikikimbia kasi kuliko kawaida ili filamu ikionyeshwa mwendo wake uonekane wa polepole na wenye uzito. Hila hiyo ni ya msingi katika ufundi huu: jicho hukisia ukubwa wa kitu kwa kasi yake, na kitu kikubwa mno huonekana kuanguka polepole. Waongozaji wengi wa siku hizi huisahau, ndiyo maana utaona jitu la mita 100 likirukaruka kama paka na moyo wako usishtuke.

Lakini kilichoifanya filamu ile idumu ni mwanasayansi mmoja aitwaye Serizawa. Ilitengenezwa mwaka uleule ambao mashua ya wavuvi wa Kijapani, Daigo Fukuryū Maru, ilifikiwa na vumbi la jaribio la bomu la haidrojeni la Marekani katika Bahari ya Pasifiki, na miaka tisa tu baada ya Hiroshima na Nagasaki. Serizawa amegundua silaha inayoweza kumuua Gojira, na anajua kwamba siku itakapotumiwa mara moja, wanasiasa wataitaka kwa vita vijavyo. Anakataa. Kisha runinga inaonyesha mji ulioteketea na wasichana wa shule wakiimba wimbo wa kuomba amani, naye anakubali kuitumia mara moja tu. Anachoma karatasi zake zote, anashuka baharini na silaha ile, na akiwa chini kabisa anakata mwenyewe kamba na mpira wa hewa yake ili ujuzi ule ufe pamoja naye. Mtu aliyevaa vazi la mpira amesababisha mtu mwingine kufa kwa hiari kwa sababu ya kanuni. Ukimwondoa dubwana, bado una swali zito la mwanasayansi na dhamiri yake. Ukimrudisha, swali hilo lina meno.

Sasa tazama Godzilla ya Kimarekani ya mwaka 1998, iliyoongozwa na Roland Emmerich kwa bajeti ya takriban dola milioni 130. Mnyama anaingia New York, anabomoa, anataga mayai, watoto wake wanawakimbiza watu ukumbini, kisha mzazi ananaswa kwenye nyaya za daraja la Brooklyn na ndege za kivita zinammaliza kwa makombora. Baadhi ya picha zake, hasa zile za mvua na za nyayo, ni za kupendeza. Lakini uliza nani aliamua nini. Makombora yalikuwepo tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni shabaha tu. Hakuna aliyelipa kitu kwa ushindi ule, na ushindi usiolipiwa hauna uzito wowote machoni pa mtazamaji. Wajapani wenyewe walitoa hukumu yao kwa namna ya kuchekesha: katika filamu yao ya mwaka 2004 walimweka mnyama yule wa Kimarekani, wakamwita Zilla, kisha wakamfanya Godzilla wao ammalize kwa muda mfupi mno katika jiji la Sydney.

Hapa mara nyingi hunijia mtu na kanuni maarufu: dubwana lifichwe, watu waliogope wasiloliona. Ushahidi unaotolewa ni Jaws ya mwaka 1975. Papa wa mashine aliyetengenezewa Steven Spielberg alikuwa akiharibika kila mara katika maji ya chumvi, siku za kupiga picha zikapangwa kuwa 55 zikafika 159, na mwongozaji akalazimika kumwonyesha papa kwa mapezi, kwa muziki na kwa mapipa ya manjano yanayozama na kuibuka. Taharuki iliyozaliwa na ubovu wa mashine ikawa somo kwa kizazi kizima. Ni kweli, ila somo hilo limekaririwa vibaya. Mapipa yale yanatutia hofu kwa sababu ndani ya mashua ile kuna watu watatu wasiopatana: mkuu wa polisi anayeogopa maji, msomi mwenye vifaa vya bei ghali na mvuvi mzee mwenye kisa cha kale na papa. Mapipa hayohayo, papa akiwindwa na wanajeshi 200 wasio na majina, yangekuwa mapipa tu.

Ushahidi wa upande wa pili ni The Host ya Bong Joon-ho, iliyotoka Korea Kusini mwaka 2006. Yeye hafichi chochote. Filamu haijaenda mbali, mchana kweupe, dubwana linapanda kutoka mto Han na kuwakimbiza watu waliokuwa wakipumzika kando ya mto, na kamera inalionyesha lote, kichwa hadi mkia, likijikwaa na kuteleza kwa uzito wake. Katikati ya vurugu hiyo baba mmoja mzembe, mwuzaji wa kibanda, anamshika bintiye mkono na kukimbia. Wanaanguka. Anainuka, anaushika tena mkono, anakimbia kwa nguvu zake zote, kisha anageuka kutazama: mkono alioushika ni wa mtoto mwingine aliyevaa sare ya shule kama ya bintiye. Bintiye yuko nyuma, anainuka peke yake, na dubwana linakuja nyuma yake. Onyesho hilo huchukua sekunde chache tu. Madoido yake ni mazuri, lakini kinachokaa kooni ni mkono ule. Tangu hapo kila kipande cha mkia au taya kina maana, kwa sababu kuna baba mmoja anayelitafuta dubwana lile badala ya kulikimbia. Kuficha au kuonyesha, basi, ni suala la mbinu. Hadithi huanza pale dubwana linapomchukulia mtu kitu ambacho ni chake.

Na ukitaka kuona kuficha kusikosaidia, Godzilla ya mwaka 2014 iliyoongozwa na Gareth Edwards inafaa. Edwards anajua ukubwa. Sijui wengi wa kizazi chake wanaoweka kamera kwenye usawa wa macho ya binadamu kwa subira kama yeye, na askari wanaoruka kutoka angani wakiwa wamefunga vimulimuli vyekundu miguuni ni picha ambayo sitaisahau. Alimficha mnyama kwa muda mrefu, kama kanuni inavyotaka. Lakini mhusika aliyekuwa na kisa, mhandisi aliyefunga mlango wa kinu cha nyuklia huku mkewe akiwa upande wa pili, anafariki mapema, na tunabaki na mwanawe mwanajeshi ambaye kazi yake kubwa ni kuwepo kila mahali matukio yanapotokea. Dubwana lilimjua baba. Mwana halikumjua, na subira yetu ikakosa pa kulala.

Umeuliza kwa nini makosa haya hurudiwa na watu wenye fedha na akili. Sababu moja ni mpangilio wa kazi, na hii ndiyo inayofichika zaidi kwa mtazamaji. Filamu kubwa hupewa tarehe ya kutoka mapema mno, wakati mwingine kabla mswada haujakamilika. Shoti moja ya dubwana inaweza kupita mikononi mwa makumi ya mafundi: mmoja anachonga umbo, mwingine anatengeneza misuli chini ya ngozi, mwingine mwendo, mwingine maji na vumbi, mwingine mwanga, na wa mwisho anaunganisha yote na picha iliyopigwa uwanjani. Kazi hiyo ni ya miezi, kwa hiyo lazima ianze mapema. Basi maonyesho makubwa huchorwa kwanza kwenye kompyuta kwa sanamu ghafi zinazotembea, yanaidhinishwa, fedha zinatengwa, na mwandishi anabaki akitafuta njia ya kumtoa mhusika kwenye onyesho la daraja hadi onyesho la mnara. Kwenye karatasi, kubadilisha nia ya mhusika ni kazi ya asubuhi moja. Shoti 80 zikishaanza kutengenezwa, haigusiki tena. Hadithi inakuwa gundi ya kubandikia picha, na gundi haijawahi kumliza mtu.

Nikisema hivi simlaumu fundi wa madoido. Mara nyingi yeye ndiye anayelipwa vibaya na kulaumiwa vizuri. Mwezi Februari 2013 kampuni ya Rhythm & Hues iliomba ulinzi wa kufilisika, na kabla ya mwezi huohuo kuisha filamu waliyoifanyia kazi, Life of Pi, ikatwaa Oscar ya madoido, huku mafundi wenzao wakiandamana nje ya sherehe.

Sababu nyingine ni soko. Jengo linaloanguka halihitaji tafsiri, ilhali mzaha wa mhusika au fumbo la maneno huhitaji. Mtayarishaji anayetaka kuuza filamu moja katika nchi nyingi kwa wiki moja atapendelea kitu kinachoeleweka bila lugha, na mara nyingi hesabu humuunga mkono: Jurassic World ya mwaka 2015 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, na sidhani kama wengi walioinunulia tiketi wanaweza leo kueleza wahusika wake walitaka nini.

Kisha kuna ugonjwa wa jicho lenyewe, ambao mafundi wanaujua vizuri kuliko waandishi. Mshangao huchakaa. Dubwana likitokea mara ya kwanza, mwili wako unaitika kabla akili haijafikiri. Mara ya tatu unalitathmini. Mara ya saba unatazama saa. Hadithi hufanya kinyume chake, maana kila tukio hulemea juu ya lililotangulia. Anayetegemea mshangao peke yake hulazimika kuongeza ukubwa kila mara: dubwana moja linakuwa mawili, jiji linakuwa mabara. Ukiona kilele cha filamu kina madubwana mengi kuliko mwanzo wake, jua kuna mtu alishikwa na wasiwasi katika chumba cha uhariri.

Linganisha na Jurassic Park ya mwaka 1993, ambayo wengi huikumbuka kama filamu iliyojaa dinosaria. Ina dakika 127, na dinosaria wanaonekana kwa takriban dakika 15 tu. Chukua lile onyesho la usiku wa mvua. Magari mawili yamesimama mbele ya uzio uliokatika umeme. Maji ndani ya bilauri yanatikisika kwa miduara. Fundi alipata miduara ile kwa kuchezesha waya wa gitaa uliofungwa chini yake. Mbuzi aliyekuwa amefungwa pale kama chambo hayupo tena. Hakuna muziki, ni mvua tu. Mwanasheria aliyepanda gari pamoja na watoto wawili anafungua mlango na kukimbilia chooni, anawaacha. Mtoto anasema kwamba ametuacha, ametuacha. Ndani ya gari la pili yumo mwanamume ambaye tumeshaambiwa kwamba hapendi watoto, na sasa anatoka mvuani na kimulimuli mkononi kumvuta mnyama awaache watoto. Sehemu ya mnyama yule ilikuwa sanamu ya kimashine ya urefu wa mita 12 hivi, ambayo ngozi yake ya sponji ilikuwa ikinywa maji ya mvua na kutetemeka, na sehemu nyingine ilikuwa kompyuta. Mpaka leo watu hubishana ipi ni ipi. Mimi huwaambia wanafunzi waache ubishi huo na watazame milango ya magari: nani alitoka kwa ajili ya nani.

Nimebakiza jambo moja ambalo miswada dhaifu hukosa, nalo ni sheria za dubwana. Katika Alien ya mwaka 1979, iliyoongozwa na Ridley Scott, kiumbe kilichobuniwa na H. R. Giger na kuigizwa na Bolaji Badejo, kijana wa Kinigeria mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, kina damu ya tindikali inayoyeyusha sakafu za chombo. Kwa sheria hiyo moja tatizo lote linabadilika: ukikipiga risasi unatoboa chombo ambacho ndicho kinachokutenga na utupu wa anga. Mwandishi hahitaji tena kubuni visingizio vya kwa nini hawakiui. Katika filamu dhaifu sheria hubadilika kulingana na mahitaji ya dakika ile. Dubwana linasikia unyayo kwa umbali wa kilomita, kisha halisikii stelingi akipumua nyuma ya sanduku. Risasi hazipenyi, kisha zinapenya kwa sababu imebaki robo saa. Watazamaji husamehe dubwana lisilowezekana kwa urahisi wa ajabu. Lenye kigeugeu hawalisamehei, hata kama hawawezi kutaja kilichowaudhi.

Hii inanirejesha kwenye swali lako la kutambua mapema. Trela haitakusaidia sana, kwani kazi yake ni kukuonyesha madoido. Angalia badala yake dakika 20 za mwanzo za filamu yenyewe, ukiwa na maswali mawili kichwani. Je, kuna mtu anayetaka kitu kabla dubwana halijafika, na je, kitu hicho kitakuwa kigumu zaidi kwake kuliko kwa mtu mwingine dubwana likifika? Wahusika wakitambulishwa kwa kazi zao tu, huyu mwanajeshi, huyu mtaalamu wa wadudu, huyu mwandishi wa habari mwenye mdomo, jiandae. Wakikaa mezani wakaelezana mambo ambayo wote wanayajua ili wewe usikie, jiandae zaidi. Zipo pia filamu zinazojisaliti kwa chimbuko lake, mfano Skyline ya mwaka 2010, iliyoongozwa na ndugu wawili, Colin na Greg Strause, ambao ni mafundi wa madoido kwa taaluma. Picha zake zilikuwa za thamani kubwa kuliko bajeti yake ndogo, na wakosoaji wengi waliipokea vibaya, kwa sababu wahusika wake hukaa ndani ya ghorofa wakilitazama dirisha karibu kama tunavyolitazama sisi.

Usitoe hitimisho kwamba fundi wa madoido hawezi kusimulia, maana jibu lake lilikuja kutoka Japani tena. Takashi Yamazaki aliandika, akaongoza na kusimamia madoido ya Godzilla Minus One ya mwaka 2023, akiwa na mafundi wapatao 35 na shoti 610, kwa bajeti iliyoripotiwa kuwa chini ya dola milioni 15. Mwaka 2024 ikapata Oscar ya madoido, na yeye akawa mwongozaji wa kwanza kuipata tuzo hiyo tangu Stanley Kubrick. Kwa kuwa fundi mkuu na mwandishi walikuwa mtu mmoja, shoti ikikosa kazi katika hadithi ingeweza kufutwa bila kikao. Mhusika wake, Shikishima, ni rubani aliyetumwa kufa mwishoni mwa vita, akasingizia kwamba ndege yake ni mbovu na kutua kisiwani. Usiku huo dubwana linatokea. Anaambiwa apande kwenye ndege na kulifyatulia bunduki, vidole vinamganda, na karibu wenzake wote wanauawa. Asubuhi fundi aliyenusurika anamlaumu. Tangu siku hiyo dubwana lile linamjua Shikishima, na kila jengo linaloanguka baadaye linaanguka ndani ya hatia yake.

Mwisho, umeuliza kama kupenda madubwana yanayopigana bila hadithi ni upungufu wa ladha. Hapana. Mifupa saba inayopigana kwa panga katika Jason and the Argonauts ya mwaka 1963 ilimchukua Ray Harryhausen zaidi ya miezi minne kuisogeza, hadithi inayoizunguka ni nyembamba, na mimi huitazama kila mwaka kwa furaha ya mtoto. Tofauti ni kwamba onyesho lile linajua urefu wake na linaondoka kabla hatujachoka. Kinachoudhi ni filamu inayodai machozi yetu kwa muziki mzito na kamera ya polepole, ilhali haikutumia hata dakika tano kutujulisha anayeliliwa.

Kama una jioni mbili, tazama Godzilla ya 1998 siku ya kwanza na ya 2023 siku ya pili, na baada ya kila moja andika sentensi moja inayoanza hivi: “Kwa sababu ya dubwana, fulani alilazimika…” Mwanafunzi wangu mmoja aliijaza ya pili kwa dakika moja. Ya kwanza aliniletea wiki iliyofuata, ikiwa imeandikwa “kukimbia”.